Ameruka Tura

Siku ya harusi ya binti wa Tobias, mchana kweupe, watu mia mbili walichuchumaa kwa hofu katika uwanja mmoja, na mtu pekee aliyebaki amesimama katikati yao hakujua kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa.

Mtu huyo alikuwa Mzee Lugembe. Ujanani mwake, kabla garimoshi halijafika Tabora, alibeba pembe za ndovu hadi pwani mara saba, na mara saba alirudi na marobota ya nguo. Akastaafu kazi hiyo na bega moja lililoshuka kuliko jingine, pamoja na wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa ndiyo njia. Kila kambi ilikuwa na ubeti wake: maji yako wapi, kuni ziko wapi, mtemi wa pale ni mkarimu au ni mnyang'anyi. Kambi thelathini na tisa, beti thelathini na tisa. Kirangozi, kiongozi wa msafara, akiitaja kambi, msafara mzima unaitikia, "Tua, tumetua!" na kupiga mguu chini mara moja. Pale Itobela, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli kutoka stesheni ya Kaliua, harusi isiyokuwa na wimbo huo ilihesabiwa kuwa kikao tu.

Wimbo ulikuwa na sheria yake. Kirangozi akiruka kambi, msafara unachuchumaa na kunyamaza mpaka arudi kuichukua, kwa maana hakuna aliyewahi kufika mbele bila kupita njiani. Mara nyingi ilikuwa mchezo. Mzee Lugembe aliruka makusudi kambi ndogo ndogo ili kuwanasa walevi, na aliyesahau kuchuchumaa alizomewa hadi akatamani ardhi immeze. Lakini iko kambi moja isiyofanyiwa mchezo, nayo ni Tura. Tura ndiyo maji ya mwisho kabla ya Mgunda Mkali, lile pori kavu la siku nyingi ambamo wapagazi waliwaacha wenzao wameegemea miti, mizigo yao kando, midomo wazi. "Tura, jaza kibuyu, mbele hakuna mama." Ndivyo ubeti unavyosema, na watoto wa Itobela waliujua kabla ya kujua Baba Yetu.

Siku hiyo Mzee Lugembe aliimba Kigwa. Akaimba Rubuga. Kisha akafumba macho, akainua fimbo yake, akaingia Mgunda Mkali.

Watu wakachuchumaa. Wachache walicheka, halafu wakaona wanacheka peke yao. Mzee hakurudi. Aliendelea kuimba, kambi baada ya kambi, akijiitikia mwenyewe kwa sauti ndogo, akipiga mguu wake mmoja vumbini, akizunguka katikati ya vichwa vya watu walioinama kama mtu anayetembea shambani mwake. Bibi harusi alianza kulia, na mama yake akamfunika uso kwa kanga.

Kando, karibu na mtungi wa pombe, alisimama mwana wa Mzee Lugembe, Hilari, amevaa shati jeupe lenye kalamu mfukoni. Magoti yake yalikunjika kabla hajayaamuru. Alishtuka, akainama zaidi, akajifanya anaokota kofia yake, kisha akanyooka. Alidhani hakuna aliyemwona, akashukuru.

Tusimseme vibaya Hilari, lakini ukweli ni kwamba alikuwa mtu wa kuhesabu. Ukimwuliza habari za nyumbani, atakwambia watu sita, mbuzi wanne, mmoja anachechemea. Serikali ilimfundisha kutumia darubini ya kuangalia damu, ikamjengea kibanda cha udongo chenye dirisha kubwa upande wa mashariki, na kazi yake ilikuwa kumtafuta mdudu wa malale. Itobela yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya malale. Watu walikusanywa pale kutoka vijiji vya msituni, wakaambiwa wafyeke miti ili ndorobo, wale mbung'o wanaoeneza malale, wakose kivuli. Walifyeka, lakini asali haipatikani kwenye uwanja uliofyekwa. Mzee Lugembe alikuwa na mizinga arobaini msituni, na kila mwezi aliingia humo siku tatu, akirudi na asali mabegani na alama za kuumwa shingoni. Hilari mwenyewe aliingia humo mara mbili kwa mwezi, kupima watu wa vitongoji vya mbali.

Asubuhi ya pili dada yake, Apolinaria, alimkuta kibandani. Alikuwa mdogo wake kwa miaka mitano, mama wa watoto watatu, na ndiye aliyeketi miguuni pa baba yao miaka yote kujifunza ule wimbo.

"Kaka, baba ameruka Tura."

"Nilikuwapo."

"Ulikuwapo, nilikuona unaokota kofia. Nakuambia ameruka Tura na hakujua."

"Ana miaka sitini na saba, Apolinaria. Na alikuwa amekunywa."

"Amekunywa kila harusi tangu tuzaliwe. Kama ni uzee, uzee ungeanza na zile kambi za Ugogo ambazo hata mimi huzichanganya. Uzee hauanzi na Tura." Alishika ukingo wa meza, na vipande vya vioo vikagongana. "Kaka, naogopa. Mpime."

Hilari naye aliogopa, ila hofu yake aliijua jina na umbo. Alikuwa ameitazama miaka tisa kupitia kile kioo: uzi mfupi unaojinyonganyonga, unasukuma chembe za damu huku na huko kama mtu anayepita sokoni kwa viwiko. Mwanzo homa. Kisha mtu anapoa, watu wanasema amepona. Kisha yule mdudu anahamia kichwani, na mwenye nyumba anaanza kulala mchana, anasahau majina, anacheka msibani, na mwisho halali tena wala hayuko macho.

Alimtoboa baba yake kidole asubuhi tatu mfululizo. Alipaka damu kwenye kioo, akatazama hadi machozi yakamtoka na kichwa kikamgonga, kama kilivyomgonga mwezi mzima. Alijua ni kwa sababu ya kukodoa jicho moja. Alimpapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Aliuliza: unalala mchana, baba? Silali. Kichwa kinauma? Kinauma nikikuona. Mzee alikuwa mzima, mcheshi, anapasua kuni, anawatania wajukuu.

"Damu ni safi," Hilari alimwambia dada yake kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

"Damu ni safi. Na wimbo?"

"Wimbo si ugonjwa."

Apolinaria aligeukia mlango. "Wewe bado unatafuta maji kwenye karatasi," alisema, akaondoka.

Hilari alijua anasema nini. Alipokuwa na miaka kumi na minne alirudi likizo kutoka shule ya misheni na ramani aliyoichora mwenyewe, akaitandaza uani mbele ya baba yake. Akaweka kidole Tabora, akakiburuta hadi baharini kwa pumzi moja. Maili mia tano, baba. Unaimba tangu mchana hadi jioni, na mimi nimefika. Mzee Lugembe aliinama, akaitazama ile karatasi kwa heshima kabisa, akauliza, "Hapa kati, mtu anakunywa wapi?" Hilari alicheka. Alisema wimbo ni wa watu wasiojua kusoma. Lilikuwa neno la kitoto, na baba hakumpiga wala kumgombeza, ila tangu siku hiyo hakumwita tena kuja kuitikia. Miaka ishirini walikuwa wakisalimiana vizuri, shikamoo na marahaba, wakigawana asali na ugali, na wimbo ukakaa katikati yao kama mgeni ambaye hakuna anayemzungumzisha.

Daktari alikuwa akija kwa lori la serikali kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu. Alikuwa Mwingereza mwembamba, mwenye mikono yenye madoadoa, asiyepiga kelele. Watu walimwogopa kwa sababu ya sindano yake ndefu, ile anayoichoma mgongoni, kati ya mfupa na mfupa, kutoa maji ya uti. Ndani ya maji hayo ndimo alimojua kama mdudu amefika kichwani. Haikuwa sindano ya kuchomwa ovyo, nayo ilikuwa na masharti: awe na mdudu kwenye damu, au awe na dalili. Dalili zote ziliandikwa na Hilari kwenye fomu, katika safu ya nne.

Jumatatu ile Hilari aliandika jina la baba yake. Umri. Damu: safi, mara tatu. Alipofika safu ya nne, kalamu ilisimama. Angeandika nini? Kwamba mzee kakosea wimbo harusini? Aliona uso wa Daktari akisoma hayo. Aliwaona wasaidizi wenzake wa vituo vingine wakisimuliana na kupigana vikumbo kwa kicheko: mwenzetu siku hizi anapima ngoma. Nje lori lilikuwa linanguruma. Akaandika "Hakuna", akakunja fomu, akajisikia vibaya kama mtu aliyeapa uongo kanisani.

Siku nne baadaye, jioni jua likiwa bado halijazama, alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, peke yake, anahesabu vidole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa." Mzee hakuinua uso. "Hilari, wewe ni mtu wa serikali. Kuna mtu ananiibia kambi."

Hilari alikaa chini. "Anakuibia vipi, baba?"

"Nalala nazo zote. Asubuhi naamka, moja haipo. Mahali pake najua, hapa kati ya hii na hii palikuwa na kitu, nanyoosha mkono, hewa." Alinyoosha mkono kweli, akaufumba na kuufumbua. Kisha akamtazama mwanawe, na Hilari akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona machoni mwa mtu aliyevuka Mgunda Mkali mara saba. Mzee alikuwa anaogopa. "Usimwambie dada yako. Ataniimbia yeye, na mimi nitajua kwamba nimekwisha."

Usiku ule Hilari hakupata usingizi wa maana. Alfajiri alichukua daftari la kibandani, akapiga mistari kama anavyoipiga kwa ajili ya damu. Safu ya kwanza, kambi zote thelathini na tisa, kwa mpangilio. Safu zilizofuata, tarehe. Hakumwuliza mtu yeyote majina ya kambi. Aliandika kutoka Kigwa hadi baharini bila kuinua kalamu, na alipomaliza alikaa akiitazama kazi ya mkono wake kama mtu aliyekuta chumbani mwake vitu vya mtu mwingine.

Kuanzia hapo, kila jioni alimwendea baba yake na kumwomba aimbe. Mzee alistaajabu, kisha akafurahi, na furaha yake ilikuwa mbaya kuitazama. Aliimba kwa moyo wote, macho yamefumbwa, naye Hilari akatia alama. Wiki ya kwanza kambi thelathini na saba. Wiki ya pili thelathini na nne. Wiki ya tatu, thelathini na moja. Tura haikurudi hata mara moja. Kambi hazikuanguka ovyo. Zilianguka zile zenye maji, moja baada ya moja, na mzee akaendelea kutembea kwa furaha katika nchi inayozidi kukauka, akimwongoza mwanawe. Damu ilibaki safi. Hilari aliipima kila siku ya tatu, na kila alipokosa kumwona yule mdudu aliogopa zaidi, kwa sababu sasa alijua kwamba yupo mahali ambapo kioo chake hakifiki.

Jumatatu ya zamu iliyofuata lori halikuja. Daraja lilikuwa limevunjika. Lilipokuja, zilikuwa zimepita wiki nne tangu aandike lile "Hakuna". Hilari alimpa Daktari daftari mkononi.

"Hii ni nini?"

"Ni wimbo, Bwana Daktari."

Akaeleza. Alieleza vibaya, ulimi mzito, akirudia rudia, jasho likimtiririka chini ya shati jeupe. Daktari alisikiliza bila kucheka. Kutocheka kwake kulimwumiza Hilari kuliko kicheko chochote, maana alikuwa ameyahatarisha maisha ya baba yake kwa kuogopa kicheko ambacho hakikuwako.

"Tangu Pasaka nimezika watu wawili kwa dawa ya malale yaliyofika kichwani," Daktari alisema. "Walikuwa na mdudu, na bado nawaota. Unaniomba nianze safari hiyo kwa sababu ya wimbo. Basi niambie: nani amehakiki? Baba yako anaimba, wewe unatia alama. Utajuaje kwamba kambi imerukwa? Pengine haikuwapo kamwe. Ni dada yako aliyekuambia?"

"Hapana, Bwana Daktari." Hilari alilinyooshea daftari kidole. "Ninaujua mimi mwenyewe. Wote. Nimeujua tangu utotoni. Siku ya harusi, alipoiruka Tura, magoti yangu yalikunjika kabla ya magoti ya watu wengine. Nikajifanya naokota kofia."

Daktari alilifunga daftari taratibu. "Mlete," alisema.

Mzee Lugembe alilala kwa ubavu juu ya meza, amejikunja, magoti kifuani. Hilari alimshika mabega. Sindano iliingia, na mzee hakulia; alivuta pumzi tu, na bega lake lililoshuka likatetemeka chini ya kiganja cha mwanawe. Maji yalitoka tone kwa tone. Yanatakiwa yawe meupe kama ya kisimani, na yalikuwa meupe. Hilari akajidanganya kwa muda wa kutembea kutoka meza hadi dirishani.

Akaweka tone kwenye kioo. Akainamia darubini.

Chembe zilikuwa nyingi mno. Alianza kuzihesabu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua, akafika mia moja na themanini. Kisha pembeni, kwenye mwanga, akauona ule uzi mfupi. Ulikuwa unajinyonganyonga polepole, hauna haraka, kama mtu aliyeko kwake. Hilari alipiga kelele. Hata yeye hakujua ni kelele ya nini. Apolinaria, aliyekuwa nje, aliingia mbio, akamkuta kaka yake ameshika meza kwa mikono miwili.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Yuko kichwani mwa baba?"

"Yuko."

Apolinaria alikaa chini sakafuni. Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu.

Dawa ilikuwa ngeni nchini, na ilitokana na sumu ya ukoo mmoja na ile ya josho la ng'ombe. Hilari alimweleza baba yake ukweli, maana sasa hakuthubutu kuficha kitu.

"Basi mimi ni ng'ombe?" mzee aliuliza.

"Ng'ombe wanapona, baba."

"Wote?"

"Si wote."

Mzee aliitazama mikono yake. "Nikikataa?"

"Kambi zitaisha."

"Zitaisha," mzee alikubali. "Halafu nitakaa chini ya mti na mzigo wangu kando. Nimewaona wale. Niliwapita, Hilari. Kirangozi alikataza kuwapa maji, yasingetosha. Mmoja alinishika mguu." Akanyoosha mkono. "Mchome huyo ng'ombe wenu."

Dawa iliunguza mshipa kama moto. Sindano ya kwanza ilipita, na ya pili, na ya tatu. Wakampumzisha, wakaanza tena. Baada ya sindano ya tano mzee alikakamaa ghafla, meno yakagongana, macho yakageuka yakabaki meupe, na kwa siku mbili hakumjua mtu. Alizungumza Kinyamwezi cha zamani na watu waliokufa, akiwasihi wasimshike mguu. Hilari alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Aliomba rozari, akapoteza hesabu, yeye asiyewahi kupoteza hesabu, akaanza upya. Alikuwa na hakika kwamba amemwua baba yake mara mbili, mara ya kwanza kwa kunyamaza na mara ya pili kwa kusema.

Siku ya tatu asubuhi mzee alifumbua macho na kusema ana kiu.

Mvua za kwanza zilipoanguka alikuwa anatembea na fimbo. Krismasi ilipokaribia, Daktari alimtoa maji ya mgongo tena, na Hilari akayatazama kutwa nzima, asikute chembe za kupita kiasi wala uzi. Jioni aliketi na daftari lake. Mzee aliimba polepole, sauti imekwaruzika. Kigwa. Rubuga. Akasimama, akavuta pumzi, na Hilari akashika penseli hadi vidole vikamwuma.

"Tura," mzee akaimba, "jaza kibuyu, mbele hakuna mama."

Apolinaria, aliyekuwa anapepeta mpunga, aliuweka ungo chini akajifunika uso kwa mikono. Zilirudi zote thelathini na tisa. Hilari alitia alama ya mwisho na kulia wazi wazi, na hakuona haya. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe.

Ilikuwa siku chache baada ya Mwaka Mpya, alasiri, mvua imekatika, uani kunanuka udongo mbichi. Hilari alikuja na daftari kama kawaida. Mzee alilitwaa mkononi mwake, akalikalia.

"Umenihesabu tangu Agosti kama mwanamke anayehesabu vifaranga," alisema. "Nimechoka kuhesabiwa. Leo imba wewe. Nikuhesabu mimi."

"Baba, mimi sauti sina."

"Sauti ni ya ndege. Wewe tupeleke."

Miaka ishirini alikuwa akiingoja kauli hiyo bila kujua kwamba anaingoja. Alisimama katikati ya uani, shati jeupe, kalamu mfukoni, kichwa kikimgonga kidogo kama siku zote. Apolinaria aliacha kazi, akaja kusimama nyuma ya baba yao, maana msafara wa mtu mmoja si msafara. Hilari akafumba macho akaanza. Sauti ilitoka mbovu, kisha ikapata njia. Aliwatoa Tabora. Akawafikisha Kigwa.

"Tua, tumetua!" waliitikia, na miguu miwili ikapiga ardhi mbichi.

Akaendelea, akainua mkono kama baba yake anavyoinua fimbo.

"Tura, jaza kibuyu, mbele hakuna mama..."

Hakuna aliyeitikia.

Alifumbua macho. Baba yake alikuwa amechuchumaa. Apolinaria alikuwa amechuchumaa nyuma yake, mkono mdomoni.

"Nimeiimba Tura," Hilari alisema akicheka. "Nimeiimba, mmesikia."

"Umeiimba," mzee alisema. "Rubuga umeiacha wapi?"

"Aa, Rubuga." Bado alikuwa anacheka. Akafumba macho arudi kuichukua. Jina alilijua, si ndilo alilotajiwa sasa hivi? Akautafuta ubeti. Maji yake yako upande gani, mtemi wake ni nani, neno la kwanza ni lipi. Alipapasa. Ubeti alioujua kabla ya kujua kusoma, alioutia alama kila jioni kwa miezi mitano, haukuwapo. Palikuwa na nafasi tu, laini, kama ufizi mahali jino lilipong'oka.

Alipofumbua macho mara ya pili, baba yake hakuwa anatabasamu tena.

"Hilari," mzee alisema taratibu, bado amechuchumaa, "hicho kichwa kimekuuma tangu lini?"

Asubuhi alijitoboa kidole mwenyewe, akatazama hadi saa sita. Damu ilikuwa safi. Akajitoboa kesho yake, na kesho kutwa, na zote zilikuwa safi, na yeye alijua sasa usafi huo una uzito gani. Josepha, mkewe, alimwuliza mbona hali chakula, naye akasema ameshiba.

Jumatatu alisikia lori mbali, likipanda mlima. Akavuta fomu mpya. Jina: Hilari Lugembe. Umri: thelathini na nne. Damu: safi, mara tatu. Alipofika safu ya nne, kalamu haikusimama.

"Ameruka Rubuga katika wimbo," aliandika, akatoka kwenda kusimama barabarani.